Bibi Hataki Kumlilia Obed

Jumamosi, 7 Juni 2025

Likizo imeanza. Baridi pia. Nimeshinda dukani kwao Angelina, televisheni yao iko juu ya friji la soda. Tumeangalia filamu mbili. Mbovu zote mbili!

Ya kwanza ni ya hisia — wameandika hivyo hivyo kwenye jalada, kama vile mtu anavyoandika "maziwa" kwenye chupa ya maji. Mama mkwe anamfukuza mke wa mwanawe. Mvua inanyesha, lakini inamnyeshea yeye tu, nyuma yake jua linawaka! Analia. Kinanda kinalia naye. Kisha analia bila kinanda. Kisha kinanda kinalia bila yeye. Angelina alikuwa anajifuta kwa ncha ya khanga. Akaniambia wewe Antonia huna moyo, una jiwe la kusagia. Mimi moyo ninao. Sitaki tu kukamuliwa kama ng'ombe.

Ya pili ni ya sanaa, imetoka kwenye flashi ya mgeni mmoja wa loji. Mwanamume anatazama mto. Anaendelea kuutazama. Tukadhani imekwama, Angelina akapiga televisheni kofi. Haikuwa imekwama. Mwalimu Remigius alitufundisha kwamba mhusika bapa ni yule asiyebadilika. Basi mle ndani mhusika pekee aliyebadilika ni mto.

Aliyetengeneza ya kwanza anakulazimisha ulie. Wa pili anakulazimisha ujifanye umeelewa. Wote wawili wanakudharau.

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Misa ndefu, mahubiri marefu zaidi.

Nimejiuliza kama kuna filamu yoyote ninayoipenda, au mimi ni mnung'unikaji tu. Ipo moja. Jina lake silijui, ilikuwa imekatwa mwanzo. Kijana anaondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi. Mama yake anamsindikiza hadi mlangoni, hasemi neno. Anarudi ndani. Ugali wa kijana umebaki kwenye sahani. Anaula akiwa amesimama. Basi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kesho yake, nikiwa nachota maji!

Filamu za namna hiyo ndizo ninazotaka kutengeneza. Sijamwambia mtu. Nimeandika moja, kurasa chache tu, kuhusu mwanamke anayevuna mahindi peke yake.

Angelina ana habari: watu wa filamu wamefika kutoka Arusha! Wamelala Karatu mjini, kesho wanakuja hapa Rhotia. Nilijifanya sijali. Sijapata usingizi.

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimemwona dairekta. Anaitwa Adrian. Kofia ya sufu, viatu vyeupe — viatu vyeupe kwenye udongo wetu! Ni mpole lakini. Filamu yake inaitwa Pete Kaburini. Mtoto wa tajiri mwenye kampuni ya watalii anampenda binti mkulima, mama wa kijana anakataa, kijana anakufa kwa huzuni. Kwa huzuni! Mtu ana miaka ishirini na nne, anakula vizuri, ana gari. Huku watu wana huzuni na wanaamka kupalilia.

Msiba wataupigia picha nyumbani kwa Mzee Lazaro, kwa sababu uwanja wake ni mpana na mabonde yanaonekana nyuma. Obed wa bodaboda ndiye maiti. Amechaguliwa kwa kuwa anaweza kubana pumzi. Anatembea kijijini kama mbunge.

Nilimpa Adrian kurasa zangu. Alizisoma palepale, amesimama, hakucheka. Akasema, mdogo wangu, una jicho. Akasema wiki ijayo wanapanda Ngorongoro kupiga picha ukingoni mwa kreta na anahitaji msaidizi. Tutaona, alisema.

Una jicho! Pete Kaburini ni takataka, lakini aliyeitengeneza amesema nina jicho.

Jumatano, 11 Juni 2025

Ninacheka hadi kalamu inaruka.

Asubuhi walifunga turubai kwa Mzee Lazaro, wakapanga viti, wakaleta jeneza kwa pikapu. Hawakumwambia balozi wa nyumba kumi. Hawakuiambia jumuiya ya kanisa. Arusha labda turubai ni turubai tu. Hapa turubai, viti na jeneza vina maana moja!

Kabla ya saa nne boda wote wanaopita walikuwa wanazima injini na kusukuma. Wanaume wakavua kofia. Akina mama wa jumuiya wakashuka mlimani na kuni kichwani, maharage, sufuria kubwa ya kanisa. Bibi yangu naye alikuwemo, na mzigo wa kuni. Mama Inosenti alifika mbele ya wote, akajitupa chini, akapiga yowe: "Lazaro! Lazaro jirani yangu, umeondoka hata ile beseni yangu hujarudisha!"

Mzee Lazaro akatokea zizini na ndoo ya maziwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama Inosenti akamtazama. Akatazama jeneza. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi leta beseni."

Watu walikasirika. Adrian aliomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa mgongoni. Mwenyekiti wa jumuiya akamwambia, kaka, siku nyingine utakapotaka kutufia, tutangazie kwanza kanisani. Kuni hawakurudi nazo. Zimeshaletwa msibani, hazirudi. Ikabidi maharage yapikwe, wakala hata waigizaji.

Na hili ndilo linaloniuma: kilio cha Mama Inosenti ndicho kitu pekee cha kweli kilichotokea katika filamu nzima, na kamera ilikuwa inafutwa vumbi.

Mwisho Adrian akamwona Bibi, ameketi kwenye mzigo wake wa kuni, mikono magotini. Akanishika bega. Akauliza yule ni nani. Nikasema ni bibi yangu, naishi naye, mama yuko Arusha kazini. Akasema huyo ndiye mama wa marehemu, tajiri au si tajiri, yule mwigizaji wangu namrudisha mjini. Sura hiyo haitengenezwi!

Ni kweli. Kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nilimbembeleza Bibi tangu alfajiri. Alisema nitakaa, kukaa sio kazi.

Alikaa. Vizuri sana! Kamera ilimpenda. Adrian akasema, sasa Bibi, mwanao ndiye huyu, umtazame, ulie. Wakafunua jeneza. Obed humo ndani, pamba puani, unga usoni.

Bibi akainama, akamtazama kwa makini.

"Obed," akasema, "toka humo. Baridi hiyo itakuingia kifuani."

"Asante Bibi," likajibu jeneza.

Wakaanza upya. Wakaanza tena. Bibi hakulia. Wakaleta kitunguu — akasema vitunguu amekata maisha yake yote, mbona havijawahi kumliza. Wakaleta ile dawa ya mafua ya kupaka chini ya macho. Akainusa, akaomba apewe kidogo kwa ajili ya goti.

Mwisho Adrian akachuchumaa mbele yake, viatu vyeupe vimekuwa vyekundu. Kwa nini Bibi? Bibi akamjibu taratibu, kama anavyoongea na mtu wa benki. Mwanangu, huyu kijana yu hai. Mama yake namfahamu, mashamba yetu yanapakana. Nikimlilia leo, kesho akianguka na pikipiki yake, nitamtazama mama yake kwa macho gani?

Akina mama wote wakaitikia. Obed akatoka kwenye jeneza bila kuambiwa!

Njiani nilimnunia. Nilimwambia ni maigizo tu, Bibi. Akasema najua ni maigizo. Kulia kwangu si maigizo.

Nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu anasema kweli, na kwa sababu Adrian amesema kama onyesho la mama halipatikani, Jumamosi wanafungasha. Hakuna Ngorongoro. Hakuna msaidizi.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Sijui niandikeje haya.

Adrian alituita mimi na Angelina pembeni, karibu na gari lao. Hakuwa mkali. Akauliza, huyu bibi amefiwa na nani? Mtu hafiki umri ule bila kufiwa. Angelina, ambaye mdomo wake hauna kizibo, akasema amefiwa na mwanawe Thomasi, baba yake huyu Antonia. Alikuwa dereva wa watalii. Gari lilipinduka kwenye ukungu huko juu, yeye Antonia akiwa darasa la nne.

Kisha Adrian akasema, pole mdogo wangu. Kisha akasema — nilimwona akifikiri, nilimwona! — labda mtu angemnong'oneza tu jina. Thomasi. Kabla hatujawasha kamera.

Hapo ndipo nilipotoa dharau yangu ile ninayoitoa dukani kwa akina Angelina. Nikamwambia, kaka Adrian, hiyo ni mbovu. Hiyo ni kinanda na mvua. Bibi yangu anaitwa Mama Thomasi na kila mtu, sokoni, kanisani, mashineni. Analisikia jina hilo mara ngapi kwa siku? Lingekuwa linamliza, angekuwa ameshakauka.

"Sasa nini kinamliza?" akauliza.

Na mimi nikajibu. Nilijibu kama mwanafunzi anayejua jibu! Nikasema baba alipokuwa anashuka kutoka kreta, akifika kona ya shule alipiga honi mara mbili, fupi, ndefu. Hapo Bibi alikuwa anaweka chai motoni. Mpaka leo gari la watalii likipiga vile kwa bahati, Bibi anasimama. Hata kama ana mbegu mapajani. Anasimama, halafu anakumbuka. Ukitaka uso wake, nikasema, usimwambie kitu. Usilete jeneza. Mwache akae tu, gari lipige honi kona ya shule. Kamera iwe mbali.

Adrian akavua kofia.

"Wewe ndiye dairekta," akasema. "Wiki ijayo tuko wote ukingoni. Kurasa zako nazipeleka Arusha mwenyewe."

Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi njia nzima. Nilifurahi mpaka nilipofungua mlango na kumkuta Bibi anachambua maharage, akaniuliza mbona uso unang'aa, wamekupa nini?

Nikasema hakuna.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Naandika nimesimama, daftari juu ya boneti ya pikapu. Ukungu umeondoka. Mwanga ni mzuri mno — mwanga ambao ningeuchagua mwenyewe.

Bibi amekubali kuja. Adrian alimwambia leo hakuna jeneza wala kulia, aketi tu, wanataka uso wake na bonde. Si uongo. Ndiyo maana amekubali! Amevaa kile kitambaa cha bluu cha Pasaka. Ameweka kigoda chake mwenyewe. Mama Inosenti anamtania kwamba sasa ataolewa na Mzungu. Bibi anacheka na meno yake yote matatu ya mbele.

Kamera iko mbali, chini ya mti wa mgrevilea. Kama nilivyosema.

Gari liko kona ya shule. Dereva wao ni Emilian, namwona kutoka hapa, kiwiko dirishani. Jana nilimfundisha mpigo: fupi, ndefu. Hapigi mpaka nimwinulie mkono. Adrian amesema ni haki yangu, onyesho ni langu.

Ingekuwa filamu nzuri. Hilo ndilo baya. Hakuna kinanda humu, hakuna mvua ya ndoo. Ningeiona dukani kwao Angelina ningenyamaza, ningesema huyu aliyetengeneza anawaheshimu watu.

Angelina yuko pembeni yangu. Hasemi. Angelina! Ameuliza kitu kimoja tu: akishasimama, halafu nani atamwambia akae?

Sikuwa nimeliandika hilo. Kwenye onyesho langu anasimama, na hapo tunakata picha.

Adrian ameinua kidole gumba. Kamera imewashwa. Watu wamenyamaza wote, hata kuku wa Mzee Lazaro. Emilian ameingiza kiwiko ndani, ananitazama.

Bibi naye ananitazama. Ameona nimesimama peke yangu na kalamu. Amesogea kidogo kwenye kigoda, amenipapasia nafasi pembeni yake —