Kikohozi Kwenye Dirisha la Chekechea

Wasomaji wangu, kabla ya barua ya leo mjue kwanza mnashauriwa na nani. Mimi siku yangu ya kwanza shuleni sikutoa hata chozi moja. Niliingia darasani kama mkaguzi, nikachagua kiti, nikakaa.

Haya, acheni kuniangalia hivyo. Nililia. Nililia mpaka mwalimu akaniazima leso yake, na nilipofika darasa la nne nikatoroka kupitia dirishani, sijarudi mpaka leo ila kwa kazi. Mimi ni seremala, na vibenchi vya chekechea nyingi za mji huu nimevipigilia misumari kwa mkono wangu. Safu hii nayo nilipewa siku nilipokuja kukaza miguu ya meza ya mhariri. Alinilalamikia kuhusu mkewe, nikamjibu, akasema niandike. Kwa hiyo ujuzi ninao. Cheti ndicho sina.

Barua yenyewe hii hapa.

*Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaaibika zaidi ya hapa, mimi ni fundi cherehani na mama wa mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, tunamwita Kidoti, na tulipopata nafasi ya chekechea mume wangu akasema mtoto lazima aandaliwe, hatuwezi kumtupa tu kama mzigo, basi miezi mitatu mizima tukafanya shule pale sebuleni, asubuhi nagonga mfuniko wa sufuria ndiyo kengele, naita jina lake anajibu "Nipo!", baba yake kabla ya kwenda kazini anakaa nyuma na kujifanya mwanafunzi mtukutu, mama mkwe ndiye mwalimu mkuu anakagua kucha, mapumziko biskuti na maziwa, halafu wimbo, halafu hadithi, halafu analala mapajani kwangu, na mtoto aliipenda shule, mshauri, aliipenda mpaka Jumapili anaidai, tukasema huyu yuko tayari, tukanunua begi, tukawapigia simu ndugu wote, basi siku yenyewe tulipofika akasimama mlangoni akawatazama wale watoto thelathini, huyu analia, yule anatafuna kalamu ya rangi, akanigeukia akasema kwa sauti, "Mama, tumepotea. Hii siyo shule. Shule iko nyumbani na mwalimu ni wewe," na mwalimu wa kweli kasimama hapo hapo anasikia, nikatamani ardhi ipasuke, nikamwambia naenda chooni narudi sasa hivi, nikakimbia, kesho yake nikasema naenda kununua maji, siku ya tatu naenda kuisogeza baiskeli ya baba, na sasa nyumbani nikiingia chooni kweli anakaa nje ya mlango ameingiza mkono kwa chini kashika upindo wa gauni langu, mama mkwe anasema "mtoto kadekezwa huyo," utafikiri biskuti zilikuwa zinajigawa zenyewe, na mwalimu ameniambia, kwa ule upole ulio mbaya kuliko matusi, kwamba wiki ijayo ikiisha hivi hivi nafasi atapewa mwingine kwa sababu wanaosubiri ni wengi, na mimi nina kibanda changu, wateja wamechoka kukuta kufuli, mama mkwe anarudi kwake mwisho wa mwezi, nikiikosa nafasi hii ndiyo nimefunga kazi mwaka mzima.*

*Na kuna jambo hata mume wangu sijamwambia. Nikishamwacha siondoki. Nazunguka nyuma nasimama chini ya dirisha, na Alhamisi ilipofika saa nne Kidoti alikuwa ameacha kulia kabisa, amekaa na kasichana fulani wamevaa ndoo kichwani, anacheka, mshauri, anacheka kile kicheko nilichodhani ni changu peke yangu, na mimi badala ya kushukuru nikasikia kitu kimenichoma hapa kifuani, nikakohoa. Nilikohoa makusudi. Akageuka akaniona, ndoo ikaanguka, akaanza kulia upya. Nisubiri mwaka mwingine akue kwanza? Au mwanangu ana tatizo?*

*Ni mimi, Mama wa Dirishani.*

Mama wa Dirishani, pole. Pole imeisha, sasa tuongee.

Mwanao hana tatizo lolote. Katika hiyo shule yenu ya sebuleni ndiye mtu pekee mwenye akili timamu. Miezi mitatu mmemwambia shule ni mahali penye mwanafunzi mmoja, walimu wawili, biskuti zisizo na foleni na mapaja ya kulalia. Shule hiyo hata mimi nisingeitoroka. Kisha mnamfikisha kwenye chumba chenye watoto thelathini mnamwambia ndiyo ile ile. Mimi nikimwonyesha mteja kabati la vioo halafu nikamletea stuli, atanitwanga nayo. Kidoti kawaambia tu mmepotea. Ana adabu.

Mlimwandaa kwa kengele, kwa kucha, kwa wimbo. Kitu kimoja hamkukigusa, nacho ni mama kuondoka. Shule yenu ilikuwa na mwalimu asiyeondoka kamwe. Somo hilo hukulifundisha kwa sababu wewe mwenyewe hujalifaulu.

Halafu choo, maji, baiskeli! Mtoto wa miaka minne hana saa, ana neno lako tu. Umelichezea siku tatu, leo anakulinda chooni kama askari wa lango, na unashangaa. Ningekuwa yeye ningekuja na kiti. Na huyo bibi wa biskuti mwambie anyamaze mpaka mwisho wa mwezi. Mwambie nimesema mimi. Simwogopi, hanijui.

Sasa hicho kikohozi. Hapo nimesoma mara mbili, nikataka kukutania, nikashindwa. Nina mtoto mmoja wa kiume, sasa ni mtu mzima. Alipofika miaka tisa aliacha kunishika mkono njiani, nami nikaanza kuchechemea, najifanya goti linauma, ili anishike. Akanishika kweli, kama mtu anavyomshika mgonjwa. Sijawahi kumwambia, na bahati nzuri yeye hasomi magazeti. Kwa hiyo nakuelewa, mwanangu. Lakini kicheko kile hakuna aliyekuibia. Alitoka nacho kwako asubuhi, akaenda kukitumia. Ulitaka akiache nyumbani kikioza?

Ila ukikohoa tena naja kulipigilia mbao dirisha hilo. Misumari ninayo.

Kusubiri mwaka? Baada ya mwaka mtoto atakuwa na miaka mitano. Wewe utakuwa chini ya dirisha lile lile, umeongeza mafua tu. Sikiliza. Mfuniko urudi kwenye sufuria leo hii. Mwambie Kidoti shule ya nyumbani imefungwa, mwalimu amepata kazi. Jumapili mpitishe pale nje mlitazame jengo likiwa kimya, umuulize yule mwenzake wa ndoo anaitwa nani, na umwache aeleze, usimsaidie. Jumatatu mwambie ukweli ukiwa umechuchumaa usawa wa macho yake: "Naondoka. Nakuja kukuchukua mkimaliza wimbo wa kwenda nyumbani." Busu moja, siyo saba. Mkabidhi kwa mwalimu, mkono kwa mkono, ugeuke. Atalia. Mwalimu kazoea, wewe tembea. Na wimbo unapoisha uwe umeshasimama mlangoni, hata kama umemwacha mteja na sindano kwenye mgongo wa shati. Neno lako linajengwa hivyo, siku kwa siku. Asubuhi moja ataingia mbio asikuage, na siku hiyo ruksa ulie, lakini ukalilie kibandani.

Na kwa kuwa mikono mitupu ndiyo inayorudi dirishani, ni lazima uwe na kazi ya haraka inayokungoja. Ninayo. Jina ulilificha vizuri sana, lakini karatasi uliyoandikia uliigeuza? Nyuma yake kuna maandishi ya chaki ya bluu: kiuno thelathini na sita, mguu wa kushoto mfupi nusu inchi. Katika mji huu mguu wa namna hiyo naufahamu mmoja tu, nimeuweka hapa chini ya meza. Siku nilipokukazia meza ya cherehani isiyumbe ulikataa niondoke bila shukrani, ukasema, "Babu, suruali hiyo ya kahawia niachie, nakupindia wiki hii hii." Tangu siku hiyo navaa hii nyingine, na hali yake si ya kuandikwa gazetini.

Basi Jumatatu ukitoka getini, moja kwa moja kibandani, nipindie suruali yangu. Naifuata saa nne kamili. Nikikuta kufuli, najua dirisha la kukutafutia.