Mkono Uleule

Shemeji yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, ukiacha mafua ya kitinda mimba na bati la jikoni linalovuja. Mama mkwe anakusalimu. Ameiona picha yako, anasema ugenini kumekunenepesha kuliko nyumbani.

Mdogo wako yupo, anajifua asubuhi na jioni. Pambano ni mwezi ujao, na sura yake imebandikwa kila ukuta.

Juzi aliketi kitandani akijifunga bendeji za ngumi kama ulivyomfundisha, kifundo kwanza, kisha kati ya vidole. Akamaliza mkono wa kulia. Akachukua bendeji ya pili, akaanza kuufunga mkono uleule, juu ya ile ya kwanza.

Nikamwambia, "Baba watoto, huo si umeshaufunga?"

Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akacheka. "Nataka ngumi iwe nzito, mke wangu."

Nami nikacheka. Ningefanyaje, na watoto walikuwa wanatutazama?

Kocha anasema ni uchovu tu. Daktari alisema jingine, ila mwenyewe amenikataza kukutajia.

Neno kuacha hataki kulisikia. Wewe ndiye uliyemwambia tangu utotoni kwamba bondia hashuki ulingoni akiwa nyuma kwa pointi, na mpaka leo neno lako kwake ni sheria. Kwa hiyo ukimpigia simu, nakuomba, usimwambie aache. Mwambie kengele ya mwisho imeshalia, na ameshinda.

Ni mimi shemeji yako,
mke wa bingwa.