Mashine Isiyochoka

Jumatano, jioni

Nilikuwa sahihi, na sioni raha yoyote.

Papa Ilunga, mchuuzi wa samaki kutoka Pweto, alivuka ziwa na mashine anayodai inajizungusha yenyewe, bila jua wala petroli. Eti itawasha taa za kuvulia chisense, dagaa wetu wa ziwani, maisha yote. Kesho angeondoka na mtumbwi wa baba kama malipo. Mtumbwi huo ndio ulionisomesha.

Jana ufukoni nilimwomba afungue sanduku lake.

"Ukifungua, nguvu inakimbia," alisema. "Na weye, mutoto wa masomo, Mungu ulimufungua ndani ndio ukaamini?"

Watu walicheka. Hata mimi, kidogo.

Alikubali atuachie mashine ikiwasha taa moja. Alipoondoka niliunganisha nne, kama wavuvi wanavyotumia ziwani, ili kama kuna betri imefichwa ndani iishe haraka.

Leo alasiri zilianza kufifia. Baba aliona kabla yangu. Akanyoosha mkono, akaizima mashine.

"Iache ipumzike," alisema bila kunitazama.

"Tata, si tuliambiwa haichoki?"

Petroli na betri zinameza karibu samaki wote anaovua baba, na umeme wa nguzo unakuja unapotaka. Ningekuwa yeye, ningeamini. Kwa kweli hata mimi nilitaka fizikia yote niliyosoma iwe uongo, angalau kwa siku moja, angalau hapa kwetu...

Nikaiwasha tena. Tulizitazama taa mpaka ya nne ikazimika.

Kisha baba alichukua lami na vitambaa, akashuka ziwani kuziba nyufa za mtumbwi.