Kaka Aliyesema Si Yeye

Jumamosi, Bujonde. Mvua imekatika saa nne asubuhi, jua likatoka taratibu. Moyo umetulia kuliko nilivyotegemea.

Leo nilipanga kuanika kakao na kusoma tu. Mtihani wa falsafa ni wiki ijayo, na mada inayonisumbua ni ya Wagiriki wa kale kuhusu nafsi. Mmoja alifundisha kwamba mtu hasa ni roho. Mwili ni nyumba ya kupanga. Mwanafunzi wake akakataa: roho na mwili havitengani, na mtu hujengwa na anayoyatenda kila siku. Wengine walisema kila kitu hutiririka, hata mtu. Wa jana si wa leo.

Nilikuwa hapo kwenye kutiririka, kaka yangu Ambokile akaingia uani.

Miaka sita alikuwa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Mama alipougua tulimpigia mpaka akazima simu. Tukamzika mama bila yeye.

Amekonda. Nilimpa kiti na maji, kama mgeni. Akashukuru kwa lugha ya nyumbani, ndaga, akanywa, akaeleza kwamba ameokoka, pombe ameacha, ameoa, na amekuja kuniomba msamaha. Kisha, macho yakiwa chini, akasema, "Dada, yule aliyezima simu alishakufa. Mimi ni mtu mwingine."

Sikukasirika. Nilishangaa tu, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kuyasoma maneno kama hayo.

Nikamuuliza, "Kama alishakufa, nani amekuja kuniomba msamaha?"

Kuku wakapita juu ya kakao, hakuna aliyewafukuza.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Niliogopa kusikia mama amekufa. Nilizima mimi."

Hapo ndipo nikalia.

Huyo mtu mwingine nisingejua nimsamehe nini. Sina kesi naye. Kesi yangu ni na Ambokile, na leo Ambokile amekuja.

Nakiri, sijamsamehe yote. Nilimpeleka tu kaburini, nyuma ya migomba. Akapiga magoti, akang'oa majani kwa mikono mpaka jasho likamtoka. Sikumsaidia, lakini sikuondoka.

Sasa amelala chumba cha mbele, anakoroma kama zamani.

Kwamba amebadilika, naamini. Ninayemwazia ni mimi. Miaka sita nimekuwa dada aliyeachwa peke yake na msiba. Watu wananijua hivyo, na mimi najijua hivyo.

Nikiitua hasira hii, nitabaki nani?