Swali la Kumi na Mbili

Chumbani kwangu,
Jumanne jioni.

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, uzigawe humo ndani: kwa Shemeji, kwa watoto, na zilizo kubwa kuliko zote kwa Mama. Goti lake linaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba bado anashuka bondeni kila asubuhi na fimbo yake, kana kwamba vile vigingi vya wapimaji havioni. Mimi mwili ni mzima, sina homa wala kikohozi. Mengine utayasoma.

Najua umeifungua bahasha hii ukitafuta ile barua ya malalamiko dhidi ya bwana shamba, uliyoniomba mimi Karani wenu niiandike kwa lugha nzuri ili muisome mkutanoni Alhamisi, aondolewe kazini. Haimo, usihangaike kuikung'uta bahasha. Nimekaa nayo wiki mbili, nimeandika mistari minne, nimeichana. Nimekupigia mara tatu nikuambie kwa nini, na mara zote tatu tumeishia kuongea habari za mvua. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi siwezi kusingizia mtandao.

Nianze na habari za kazi, maana huulizi lakini najua unataka kujua. Ofisi yetu ya utafiti imehamia ghorofa ya nne. Nina meza yangu, kiti cha kuzunguka, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Wiki iliyopita nilipelekwa kwenye kongamano la ukuaji endelevu wa miji, kwenye hoteli yenye mazulia mazito hata huzisikii hatua zako mwenyewe. Mkuu wetu, tunayemwita Profesa, alionyesha ramani ukutani: mashamba yanayolimwa kwa rangi ya kijani, ardhi iliyolala kwa hudhurungi. Bonde letu lilikuwa hudhurungi kuanzia darajani hadi mabwawani. Akaeleza kwamba mji hauwezi kuacha ardhi nzuri ilale wakati biashara zinatafuta mahali, na kwamba pale patajengwa maghala ya baridi ya kuhifadhi mboga. Mboga zenyewe zitaletwa na malori kutoka mbali. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa mikono yangu hii, kwa sababu aliyekaa pembeni yangu alikuwa ananitazama. Mchana tukapewa chakula, na mboga za majani zilikuwa nzuri mno. Nikamuuliza mpishi anazipata wapi. Akanijibu kwamba huzichukua bondeni kwetu, kila siku, bado zina umande.

Sasa huyo bwana shamba. Mnasema ndiye aliyepeleka habari kwamba bonde halilimwi, kwa sababu siku ya kwanza alionekana akizunguka na watafiti, kichwani kavaa kofia yao. Uliniambia ulimnyima mkono msibani mbele za watu, na kwamba mkewe akienda bombani wenzake wananyamaza hadi ajaze ndoo yake na kuondoka. Ulinieleza kwa fahari kidogo, nami nikaguna kama anayekubali. Kaka, yule mzee kofia alipewa kwa sababu ya jua tu. Alitembea nasi siku moja kutuonyesha mipaka, hakuitwa tena. Ripoti ilipotoka aliandika kuipinga, kurasa tatu kwa mkono wake, akitaja kila shamba na kinachooteshwa humo. Najua kwa sababu barua yake imo kwenye faili, na faili limo kwenye kabati lililo nyuma ya kiti changu. Hakuna aliyemjibu.

Ngoja nikueleze dodoso lilivyokuwa. Tulikuwa wahoji sita, kila mmoja na kishikwambi chake, na kila mmoja na kaya za kumaliza kwa siku. Swali la kumi na mbili liliuliza kama shamba linalimwa msimu huu. Ukibonyeza ndiyo, yanafuata maswali sitini: matuta mangapi, maji yanatoka wapi, mbolea gani, nani anapalilia, nani anakuja kununua. Hiyo ni saa nzima, na unawajua watu wetu, hawezi mtu kukujibu bila kukutembeza shamba zima. Ukibonyeza hapana, kishikwambi kinaruka hadi ukurasa wa mwisho na kukushukuru kwa ushirikiano wako. Njia hiyo ya mkato tuliigundua siku ya pili. Tulicheka, tukaipa jina, tukaiita lifti.

Bonde letu nilipangiwa mimi, kwa kuwa ni mwenyeji. Ilikuwa wiki ya mvua, tope hadi magotini, nami nilikuwa na viatu vipya. Kishikwambi kilitaka mhoji awe karibu na shamba, ila barabara ya juu ilikuwa karibu vya kutosha. Nikasimama pale chini ya mwavuli nikawa nabonyeza. Hapana, hapana, hapana. Kaya arobaini na moja, na saa sita mchana haijafika. Aliyesema bonde halilimwi ni mimi, Kaka.

Shamba la Mama nalo limo. Nilimwona. Alikuwa ameinama kwenye matuta ya vitunguu, kitambaa chake chekundu kichwani, gunia begani la kujikinga na mvua. Nilijua nikishuka atanishika mkono, atataka nione kila tuta, kisha anipeleke nyumbani nikale. Nikaona atanichelewesha. Nikabonyeza hapana huku namtazama, nikaondoka kabla hajainua kichwa. Kwa wepesi ule nilisifiwa, na kwa sifa zile nikapewa hii meza.

Jana nilimwendea Profesa nikamwambia yote. Alifunga mlango, akanisikiliza, kisha akasema kosa la mhoji mmoja haliwezi kubadilisha picha ya mkoa mzima, na kwamba mtu mwenye maisha mbele yake hajiharibii namna hii. Nikamwambia tulikuwa sita. Akaangalia saa yake. Leo nimeandika maelezo, nimetia sahihi, nakala moja nimeiacha kwake na nyingine nimepeleka ofisi ya ardhi. Meza sidhani kama nitaikuta kesho. Vigingi navyo sidhani kama vitang'oka, na sitaki kukupa matumaini ya uongo juu ya uongo ule wa kwanza. Lakini yule mzee asifukuzwe kwa kosa langu. Alhamisi isome barua hii mbele ya watu, yote, hata hapo pa viatu. Kisha nenda kwake, umpe ule mkono uliomnyima. Naona aibu, Kaka, na kuiandika hapa hakujaipunguza.

Wasalimie watoto, na Shemeji umwambie asinichukie haraka. Na Mama. Mara ya mwisho nilipokuja alinisindikiza hadi barabara ya juu, pale pale, akanipa fungu la vitunguu. Akaniomba, kwa kuwa nafanya kazi na hao wasomi, nimuulizie ni nani aliyesema shamba lake halilimwi. Alisema hataki ugomvi, anataka tu amwone uso. Nikamwahidi kwamba nitauliza. Mwambie nimeshampata, na Jumamosi atakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Karani.