Minyaa Minane ya Leonidasi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo nimeuza shamba langu la Makere na nyumba yake! Asubuhi moja, peke yangu, kabla uji haujapoa.

Haya, nimedanganya. Sijauza hata kuku. Saady, mnunuzi wa maharage wa Kasulu mjini, amekuja, amezunguka, amekula ndizi zangu nne, amesema amependa. Basi. Nikamfuata Tunu, mwenyekiti wetu wa kijiji, aniandikie karatasi. Akacheka mpaka akakaa. Kumbe mke wangu asaini kwanza. Halafu majirani watembee mpaka wote, nao wasaini. Halafu halmashauri ya kijiji ikae. Ndipo Saady atoe hela, mbele ya watu. Kuoa kulikuwa rahisi kuliko hivi.

Ila nitauza. Mke wangu Niyomwungere yuko Busunzu kwa binti yetu Sofia tangu Machi — miguu yake imeukataa mlima huu. Kaniambia niuze nimfuate, la sivyo nioe mbuzi. Nimewaangalia mbuzi. Hawanitaki.

Jumatano, 11 Juni
Busunzu. Nimefika na vumbi mpaka kwenye meno.

Mke wangu kasoma karatasi mara tatu, kidole kwenye kila mstari, kama vile hanijui. Kasaini. Halafu: "Na mpaka wa kwa Leonidasi, Baba Sofia, utawaonyesha upi?"

Nikaomba uji zaidi.

Upande wangu wa kitanda ameshauandaa. Wa ukutani, nisitoroke.

Ijumaa, 13 Juni
Niandike tu, nani atasoma. Mwaka ule jirani yangu Leonidasi alipokwenda Mwanza kwa kaka yake, nilihamisha minyaa ya mpaka. Minane. Hatua tatu ndani ya shamba lake. Mnyaa hauna dini, kata tawi uchomeke popote, unashika. Aliporudi hakusema kitu. Miaka kumi na tisa! Nikajua ni mjinga, nikamhurumia.

Kesho tunatembea mpaka.

Jumamosi, 14 Juni
Mjinga ni mimi.

Tunu alikuja na kitabu, Saady na viatu vyeupe, Leonidasi na jembe. Nikajiuliza jembe la nini. Tulipofika kwenye minyaa akageuka, akahesabu hatua tatu kuja kwangu, akachimba. Vigae vya chungu. Marehemu baba yake alivifukia chini ya kila mnyaa siku ile walipopanda mpaka na baba yangu. Mimi nilihamisha miti. Vigae sikuvijua.

Nikamuuliza mbona alinyamaza miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nangoja siku utakapohitaji saini yangu."

Saady akafuta vumbi kwenye viatu. "Mzee wangu, mimi nanunua shamba, sinunui kesi." Amenipa mpaka Jumatatu mchana. Kuna shamba jingine ameliona, njia ya Kibondo.

Nilitaka nikasirike, nikashindwa. Kanipiga vizuri mno.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeanza alfajiri. Nakata mnyaa kule, nachomeka tawi huku, juu ya vigae. Mitano imesimama. Utomvu umeniingia jicho la kushoto — naandika kwa la kulia, napumzika kidogo.

Saady kafika, yuko juu ya pikipiki, anaangalia saa. Tunu kafungua kitabu kwenye ukurasa wenyewe. Leonidasi kakaa juu ya jiwe, karatasi gotini, peni mfukoni. Kasema mpaka uliopinda hausaini. Na kweli umepinda! Kamba nimeifunga mgombani ncha moja, ncha ya pili haina mtu, na mimi nina jicho moja. Tunu hawezi kushika, eti yeye ni serikali.

Nimemwambia: "Leonidasi, ng'ombe wako alipotumbukia kwenye choo cha mchungaji, nilishika kamba mpaka jioni, na mpaka leo sijamwambia mtu. Njoo unishikie hii. Ncha moja tu."