Mkeka Ndani ya Malka

Kijijini, Garsen
20 Juni 2025

Mwanangu Christabel,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Hola na kwamba kile kifua kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mafuriko yameshuka, mpunga unachanua, na goti la nyanya yako Kibibi limetulia, ingawa huanza kumuuma tena kila akitajiwa ndoo. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu unanijibu uko mkutanini, kwa sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Nuh, kondakta wa basi, ameapa atakupa barua mkononi.

Wenzako wa ofisi ya maji walikuja jana. Walitundika ramani ukutani mwa kanisa wakatusomea kanuni mpya za kuhifadhi mto. Ukingo wote utawekewa uzio, mtu asilime karibu wala asishushe mnyama. Msemaji wao alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe, na viatu vile vilikiona cha mtema kuni kwa tope letu. Akauliza kama kuna njia ya mifugo inayopita hapa kwenda mtoni. Tukanyamaza. Akauliza tena, tukanyamaza. Akaandika, akatugawia soda, wakaondoka.

Mwambie mkubwa wako warudi wakati wa kiangazi. Malka ipo, na wewe unaijua, ile njia kati ya shamba letu na la kina Kadenge ambayo ng'ombe wa Dahabo hupitia kwenda kunywa. Ulikuwa ukifukuzwa humo ukicheza, fahali wakishuka. Sasa hivi Dahabo na wafugaji wenzake Waorma wako mbali bara, wamefuata nyasi za mvua, kwa hiyo hapakuwa na wa kuisemea.

Kula vizuri, na usilale na feni usoni.

Mama yako,
Teresia


Hola
1 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, Nuh aliniita kwa jina sokoni mbele ya watu wote. Kifua kimepona. Nyanya mpe pole, na umwambie dawa ya goti nitamletea.

Mama, niseme ukweli, nilisoma taarifa ya mkutano wenu nikashika kichwa. Imeandikwa kwamba wenyeji waliulizwa mara mbili na hakuna aliyetaja njia ya mifugo wala kupinga. Mbona mlikaa kimya? Ungesema neno moja tu. Kanuni hizi si mbaya. Mto unakula ukingo kila mwaka, wewe mwenyewe ulipoteza migomba yote ya chini. Uzio utalilinda shamba lako.

Bado kuna nafasi. Sheria inaruhusu pingamizi la maandishi mpaka tarehe ishirini mwezi huu. Andika kwamba malka ipo, tia jina lako, mpe Nuh. Nitaliingiza mwenyewe. Ila tafadhali usipige simu ofisini. Wameshaanza kunitania kwamba mimi ni afisa wa mama yangu.

Mwanao,
Christabel


Kijijini, Garsen
9 Julai 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye hasira zimenipanda tangu nisome barua yako.

Unaniuliza mbona tulikaa kimya. Shule ilikuchukua ukiwa mdogo, kwa hiyo nitakueleza bila kukugombeza. Malka ina wenyewe wawili, mkulima na mchungaji. Mmoja haisemi mwenzake akiwa hayupo. Ukiisema peke yako, hata kwa wema, umeshaichukua. Wazee walinyamaza kwa adabu, na yule wa viatu vyeupe akaandika kwamba tumekubali. Ndiyo serikali yenu hiyo, inamuuliza mkulima habari za ng'ombe wakati wa masika.

Baba yako Jilo hakufa kwa sababu ya ng'ombe, usimsikilize anayesema hivyo. Mwaka ule kuna mtu wa kwetu aliona malka imeota nyasi, akapanda mahindi. Kiangazi kilipofika, mifugo ikakuta mahindi, na wewe unajua tulizika wangapi, huku na kule. Dahabo alikuja matangani, mwanamke peke yake, akapita katikati ya wanaume wenye mapanga akiwa na kibuyu cha maziwa, akaketi karibu nami. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Sasa ofisi yako inataka kupanda nguzo pale pale.

Usinielewe vibaya. Mto naupenda kuliko hao waliouchora. Ng'ombe wakishuka mahali pamoja, ukingo mwingine wote unapumzika. Hili hukulisoma darasani, uliliona kwa macho yako ukiwa na kaptula ya kaka yako.

Pingamizi nimeliandika. Jina langu lipo, na chini yake nimeacha nafasi ya Dahabo. Sitalituma nusu. Nikilituma bila yeye nitakuwa nimefanya lile lile walilolifanya wao. Waambie tarehe yao isubiri.

Mama yako,
Teresia


Hola
15 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Nakuomba, nakupigia magoti. Tarehe haisubiri mtu. Tuma jina lako peke yako, Dahabo ataongeza lake akirudi. Nuh yuko stendi ya Garsen kila asubuhi. Ukichelewa, mikono yangu itafungwa, na hata nikipiga kelele hakuna atakayenisikiliza.

Christabel wako


Hola
6 Agosti 2025

Kwa Bi. Teresia,

YAH: UWEKAJI WA UZIO WA HIFADHI YA UKINGO WA MTO

Unaarifiwa kwamba muda wa kuwasilisha pingamizi umekwisha na hakuna pingamizi lililopokelewa kutoka eneo lako. Kazi ya kuweka nguzo itaanza tarehe 18 Agosti. Wakazi wanaombwa kuondoa mimea, mifugo na vitu vyao vyote katika eneo lililowekewa alama.

Christabel Jilo
Afisa wa Uhusiano na Jamii


Kijijini, Garsen
24 Agosti 2025

Kwa Afisa wa Uhusiano na Jamii,

Hujambo, Bi. Afisa. Mimi ni mzima, nyanya yako ni mzima. Kifua chako hukuniambia kinaendeleaje, labda hakimo katika kanuni.

Nilipousoma ule mstari wa mwisho, chini ya jina lako, nililia. Nakuambia wazi ili ujue, kisha tuendelee na kazi.

Dahabo amerudi. Kisima chao cha huko bara kimekauka mapema mwaka huu, na ng'ombe wamekuja mbavu nje. Alifika akakuta nguzo tatu zimesimama katikati ya malka, na vijana wake wakashika fimbo. Vijana wetu nao walitoka mashambani, kila mtu anajua walitoka na nini. Dahabo akanitazama, nikamtazama. Nikaingia nyumbani nikachukua mkeka mkubwa, ule wa harusi yako isiyofika, nikautandika kando ya nguzo ya katikati. Tukaketi. Ng'ombe wakatuzunguka, wakapita wakaenda kunywa, na vijana wote wakabaki wamesimama kama wamesahau walichokijia.

Tangu siku hiyo tuko hapa. Tunapika hapa, nasali hapa na yeye anaswali hapa. Akina mama wa pande zote mbili wanaleta maziwa na ndizi, na mkeka umekuwa mdogo, imebidi tuongeze mingine. Mafundi walikuja na nguzo ya nne. Dahabo akawaambia shimo walichimbe chini ya makalio yake kama wanaweza. Wakarudi na askari. Askari mmoja ni mtoto wa Swaleha, aliyeuza samaki hapa Garsen. Aliona haya, akaomba chai.

Pingamizi ndilo hili ndani ya bahasha. Limetimia sasa, jina langu na kidole cha Dahabo. Najua limechelewa kwa saa zenu. Kwa mto halijachelewa, mifugo ndiyo kwanza imefika. Lipokee au lichane, hiyo ni juu yako. Sisi hatutoki. Wakitaka kutubeba watubebe wote wawili kwa pamoja, na Dahabo si mwepesi.

Mama yako bado,
Teresia


Hola
5 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua ni kizima. Nyanya msalimie, na Dahabo mwambie shikamoo ya pekee, ile ya miaka yote ambayo sikwenda kumwona.

Ile barua ya Agosti niliandikiwa nikatia sahihi. Nilijiambia ni kazi tu. Nimeona haya kila siku tangu hapo.

Pingamizi lenu sikulichana. Mkubwa wangu alikataa kulipokea, akasema limepitwa na wakati. Nilipanda basi nikalipeleka mwenyewe kwa mahakama ya rufaa za maji, nikaeleza kwamba sheria inataka wenyeji waulizwe, na nusu ya wenyeji hawakuulizwa. Wamelipokea. Hawajasema lini watalisikiliza, na mkubwa wangu anataka uzio ukamilike kabla hawajasema.

Jumanne tunakuja na magari mawili na askari kutoka mbali, si watoto wa Swaleha. Nimeagizwa mimi nisome amri ya kuwaondoa, kwa Kiswahili na Kipokomo, kwa kuwa mimi ni wa hapo. Wanadhani mkiisikia kwa sauti yangu mtasimama mwondoke. Nilisema nitakuja.

Nitaisoma yote, neno kwa neno. Nikimaliza nitauliza kama kuna mwenye la kusema, maana hilo nalo limo katika sheria na hawawezi kunizuia. Safari hii msinyamaze. Semeni pamoja, wewe kwa Kipokomo na Dahabo kwa Kiorma, nami nitaandika kila neno mbele yao.

Kisha nitavua kitambulisho cha ofisi. Niwekeeni nafasi mkekani, katikati yenu.

Mwanao,
Christabel